Ile Aikoni Kwenye Simu Yako Ilipiganiwa

Anti yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane. Kwa miaka mingi hesabu zao zimekaa kwa daftari la kava ngumu, lile linaloanza kuachana kurasa kila Desemba. Mwaka jana akaniambia, "Wewe si ndiye wa kompyuta? Tutengenezee kitu." Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini kuandika programu sikuacha, kwa hivyo nikakubali.

Nikaandika apu ya Android na nikamwekea kwa simu. Ilikuwa MB 38. Wiki mbili baadaye nikampigia kumuuliza inaendeleaje.

"Niliifuta," akasema. "Simu ilikuwa inakataa kupiga picha, eti nafasi imejaa. Ilikuwa nifute hiyo ama picha za mazishi ya cucu wako. Ungekuwa mimi ungefuta gani?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nikaandika kitu kile kile upya, safari hii kama tovuti. Nikaifungua kwa Chrome ya simu yake, nikabonyeza vile vidoti vitatu vya juu, nikachagua kuiongeza kwenye skrini ya kwanza. Aikoni ikatokea kando ya ile ya WhatsApp. Haikufika hata MB 1. Ukiibonyeza inafunguka yenyewe, bila ile sehemu ya juu ya kuandika anwani ya tovuti, na bando likiisha bado inaonyesha nani amelipa na nani bado.

Anti akaitazama kwa muda. "Umeitoa Play Store?"

"Hapana, anti. Ni tovuti tu."

"Usinidanganye. Tovuti haikai hapa."

Hiyo sentensi imenikaa kichwani mpaka leo. Sababu si anti peke yake anayeamini hivyo. Karibu kila mtu ninayemjua anaamini kuwa tovuti hukaa ndani ya brauza, apu hukaa kwa skrini, na njia ya kufika kwa skrini ni moja tu: upitie dukani. Play Store kama uko na Android, App Store kama uko na iPhone. Tunaichukulia kama vile maji huteremka mlima.

Kumbe ni uamuzi wa watu, na una tarehe. Na sehemu inayoniuma zaidi ni kwamba huku kutojua kwetu kumewahi kutumiwa kama sababu ya kutaka kuiondoa hiyo aikoni kabisa. Wacha nianze mwanzo.

2007: Jobs alisema mwandike tovuti

Januari 2007 Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza pale San Francisco. Mimi nilikuwa bado sijaingia darasa la kwanza. Kitu ambacho watu wa rika langu hawajui ni kwamba simu ile haikuwa na App Store. Ilikuja na apu chache za Apple wenyewe, basi.

Wasanidi wakaanza kuuliza: na sisi tutaingiaje? Juni mwaka huo, siku chache kabla simu ianze kuuzwa, Jobs akawajibu kwenye mkutano wa Apple wa wasanidi. Jibu lake lilikuwa: andikeni tovuti. Brauza ya Safari iko ndani ya simu, tovuti zenu zitafanana na apu na zitafanya kazi kama apu. Akaliita hilo suluhisho tamu.

Walioambiwa hawakusikia utamu wowote. iPhone ya kwanza ilitumia mtandao wa EDGE, ule wa kusubiri ukurasa huku ukiangalia dirishani. Tovuti haikuweza kugusa kamera. Mtandao ukipotea, na yenyewe imepotea. Na zaidi ya yote, haikuwa na aikoni. Apu za Apple zilikuwa mguso mmoja tu mbali. Ya kwako ilibidi mtu afungue Safari, atafute alamisho, asubiri. Jobs aliwaambia wasanidi kwamba tovuti ni apu, lakini kwa simu yake mwenyewe alikuwa ameziweka apu mbele na tovuti nyuma.

Oktoba 2007 akabadilisha msimamo. Akaandika barua ya wazi akisema Apple itatoa zana za kuandika apu kamili mwaka unaofuata. Halafu Januari 2008, wakati wasanidi bado wanasubiri hizo zana, toleo la 1.1.3 la mfumo wa iPhone likaleta kitu kilichoitwa Web Clips. Sasa ungeweza kuchukua tovuti yoyote na kuibandika kwenye skrini ya kwanza ikiwa na aikoni yake. Hapo ndipo ile aikoni ya anti ilizaliwa: Januari 2008, miezi sita kabla ya duka.

Kwa sababu duka lilifunguliwa Julai 10, 2008, likiwa na apu 500 siku ya kwanza. Nani tena angekumbuka kubandika tovuti? Dukani kulikuwa na utafutaji, kulikuwa na njia ya kulipwa, kulikuwa na matangazo. Apple ilichukua asilimia 30 ya mauzo na wasanidi wakaona ni sawa, kwani kabla ya hapo walikuwa hawapati kitu.

Hapa kwetu, mwaka ule ule wa 2007 ulikuwa na somo lake. M-Pesa ilianza Machi 2007, na hakuna aliyepakua chochote. Menyu ilikaa ndani ya laini. Ndiyo maana ilifanya kazi kwa simu ya mulika mwizi ya mwenye kioski sawa na ile ya bosi. Lakini fikiria pia ni nani angeweza kuweka menyu pale: kampuni yenye laini, peke yake. Wewe na wazo lako zuri mngekaa nje. Kitu kinachokaa karibu na kidole cha mtu ndicho kitatumika, na anayeamua kipi kikae pale ana nguvu kuliko aliyekitengeneza. Kumbuka hiyo, tutairudia.

2011: Gazeti linakataa kulipa

Februari 2011 Apple ilitangaza sheria kwa magazeti: mkiuza usajili ndani ya apu, malipo yapitie kwetu na tukate asilimia 30. Tena majina na anwani za wasomaji mtazipata tu msomaji mwenyewe akikubali kuwapa.

Financial Times la London, lile gazeti la karatasi ya rangi ya waridi, likafanya hesabu na likakataa. Juni 2011 likatoa toleo lake la tovuti ambalo ungelifungua kwa Safari, ulibandike kwenye skrini ya kwanza, na lihifadhi habari ndani ya kifaa ili usome hata ukiwa kwenye treni ya chini ya ardhi. Agosti, apu yake ikatoka App Store. Na wasomaji wakafuata tovuti.

Nikiwa mtu ambaye video zangu hulipwa kulingana na jinsi kampuni nyingine imeamka leo, hii sehemu niliisoma mara mbili. Gazeti lilikuwa na wasomaji wanaolipa, na bado mtu wa katikati alitaka kukaa kati yake na wao. Ile aikoni ndogo ya tovuti ndiyo iliyowapa ubavu wa kusema hapana. Ni kweli kwamba miaka kadhaa baadaye walirudi dukani. Lakini walirudi wakiwa wanajua kwamba kuna mlango mwingine.

Shida ni kwamba huo mlango mwingine ulikuwa umetengenezwa vibaya. Teknolojia ya kuhifadhi tovuti ndani ya simu wakati ule iliitwa AppCache. Ulikuwa unaandika orodha ya faili, brauza inazihifadhi. Kwa maneno ni rahisi. Kwa kazi, ilikuwa inaweza kumwonyesha mtu nakala ya zamani hata akiwa na mtandao wa kutosha, na kosa moja kwenye orodha lingeharibu kila kitu. Mwaka 2012 msanidi mmoja Mwingereza, Jake Archibald, aliandika makala iliyoitukana AppCache kwa neno ambalo mamangu hangependa nilirudie hapa. Makala ile ikasambaa kwa sababu kila msanidi aliyeisoma alisema, kumbe si mimi peke yangu.

Septemba mwaka huo huo Mark Zuckerberg akasema hadharani kwamba kosa kubwa zaidi la Facebook kama kampuni lilikuwa kutegemea mno HTML5, yaani teknolojia ya tovuti, kwa simu. Mwaka 2013 Mozilla ikatoa simu zilizotumia mfumo wa Firefox OS, ambamo apu zote zilikuwa zimeandikwa kwa teknolojia ya tovuti. Kufikia Desemba 2015 walitangaza kuachana na simu hizo. Mrithi wake, KaiOS, ndiye utamkuta kwenye zile simu za vitufe zilizowahi kuwa na WhatsApp.

Ungekuwa unapiga dau mwaka ule, ungesema tovuti kwenye skrini ya kwanza imekufa.

2015: Mtu wa dukani

Haikufa kwa sababu kikundi cha watu waliendelea kurekebisha msingi. Archibald alikuwa mmoja wao, pamoja na Alex Russell wa Google na Jungkee Song wa Samsung. Walichoandika kinaitwa sevisi-woka. Nitaeleza kama nilivyomweleza anti.

Fikiria duka la mtaani. Zamani ukitaka kitu, brauza ilikimbia hadi stoo ya mbali kila wakati, yaani kwa seva. Barabara ikifungwa, umelala njaa. Sevisi-woka ni kijana wa duka anayesimama kaunta. Kila ombi linapitia kwake. Anaangalia rafu kwanza: kipo? Chukua. Hakipo? Anakimbia stoo, analeta, na anaweka kingine kwa rafu cha kesho. Barabara imefungwa? Anakupa alichonacho. Na tofauti na AppCache, huyu kijana hufuata maagizo yako. Wewe unayeandika tovuti ndiye unamwambia nini cha kuweka kwa rafu na nini cha kukimbilia.

Kwa sababu kijana huyu ana nguvu hivyo, anakubaliwa tu kwenye tovuti za HTTPS, zile zenye mawasiliano yaliyofungwa, ili mtu wa njiani asije akapenyeza kijana wake. Cheti cha HTTPS wakati huo kwa kawaida kilikuwa cha kununua. Desemba 2015 Let's Encrypt ikafungulia kila mtu vyeti vya bure. Bila hiyo, nisingekuwa naandika hii makala, maana kile chama hakina bajeti ya cheti.

Kitu cha pili kilikuwa manifesti. Ni faili ndogo tu inayosema: jina langu ni hili, aikoni yangu ni hii, rangi yangu ni hii, ukinifungua anzia ukurasa huu, na usionyeshe sehemu ya anwani. Chrome ilianza kuisoma mwishoni mwa 2014. Sevisi-woka akaingia Chrome Januari 2015. Aprili 2015 ikaja arifa, na pia lile bango la chini linalokuuliza kama ungependa kuiweka tovuti kwenye skrini ya kwanza.

Kilichobaki ni jina. Juni 2015 Russell na mbunifu Frances Berriman wakaipa jina: Progressive Web Apps, au PWA. Wazo lilikuwa kwamba tovuti inaanza kama ukurasa wa kawaida ndani ya brauza, na kadiri unavyoitumia ndivyo inavyopewa nafasi zaidi, mpaka siku moja inatoka kwa brauza na kukaa kwa skrini yako. Unaionja kwanza. Duka hukutaka usakinishe kwanza ndipo uonje.

India, Lagos, na sisi wa bando

Ukisoma hii historia ikiandikwa na Wamarekani, utadhani iliamuliwa California. Mimi naona iliamuliwa kwa watu wa simu ndogo na bando ndogo.

Flipkart, duka kubwa la mtandaoni la India, lilikuwa limefunga tovuti yake ya simu mwaka 2015 na kuwalazimisha wateja wapakue apu. Wengi hawakuweza au hawakutaka. Novemba mwaka huo huo likarudi na Flipkart Lite, PWA. Konga ya Nigeria ikafanya hivyo pia, na hesabu yao ilionyesha kwamba kufungua tovuti mpya mara ya kwanza kulitumia data pungufu kwa asilimia 92 kuliko kupakua na kufungua apu yao. Soma tena hiyo namba ukiwa na bando ya shilingi ishirini mkononi.

Aprili 2017 Twitter ikatoa Twitter Lite: haifiki MB 1 kwa simu, na inaweza kupunguza matumizi ya data hadi asilimia 70. Kampuni tajiri ilikuwa imekubali kile ambacho anti aliniambia bila kutumia namba: nafasi ya simu ni shamba dogo, na kila kitu unachopanda kinang'oa kingine.

Mwaka huo wa 2017 Android pia ilifanya jambo lingine. Kabla ya hapo, tovuti uliyoibandika ilikuwa njia ya mkato tu. Sasa Chrome ikaanza kuigeuza kuwa apu halisi machoni pa simu: inaonekana kwenye orodha ya apu zote, na unaifuta kama apu nyingine. Ni vizuri, lakini kuna kitu cha kujua. Ili kufanya hivyo, Chrome huomba seva za Google zikutengenezee hicho kifurushi. Kwa hivyo hata upande wa Android bado yuko bawabu getini. Kwa sasa ni bawabu mkarimu tu.

Mlango uliofichwa

Turudi kwa Apple, walioanzisha haya mambo. Sevisi-woka na manifesti vilifika kwenye iPhone Machi 2018, na toleo la iOS 11.3. Miaka mitatu nyuma ya Chrome. Arifa za tovuti zilizo kwenye skrini ya kwanza zilikuja Machi 2023, na iOS 16.4. Miaka minane nyuma.

Na lile bango la kukuuliza kama unataka kuiweka? iPhone haikuwahi kuliruhusu. Mtumiaji lazima ajue mwenyewe kubonyeza kitufe cha kushiriki, ashuke chini kwenye orodha ndefu, atafute maneno ya kuongeza kwenye skrini ya kwanza. Nani anatafuta njia ya kuhifadhi apu ndani ya kitufe cha kushiriki? Kwa miaka mingi hata ulazimike kuifanya ukiwa Safari. Brauza nyingine kwenye iPhone zilipewa uwezo huo 2023.

Sasa ndio tufike kwa kile kilichonifanya niandike. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya masoko ya kidijitali, na moja ya matokeo yake ni kwamba Apple ilipaswa kuruhusu brauza nyingine zitumie injini zao wenyewe kwenye iPhone, si injini ya Safari tu. Tarehe ya kutii ilikuwa Machi 7, 2024. Februari 2024, wasanidi waliokuwa wakijaribu toleo la majaribio la iOS 17.4 wakaona kitu cha ajabu: kwa watu wa Ulaya, tovuti zilizokuwa zimewekwa kwenye skrini ya kwanza zilikuwa zimegeuka kuwa alamisho za kawaida. Ukibonyeza, zinafunguka ndani ya brauza. Hakuna skrini nzima, hakuna arifa.

Wengi walidhani ni hitilafu. Apple ikathibitisha kwamba ni makusudi. Sababu walizotoa ni kwamba kuziruhusu kwa injini nyingine kungehitaji mfumo mpya kabisa wa usalama, na kwamba kazi hiyo haikustahili, kwa sababu, miongoni mwa mengine, watumiaji wa tovuti za skrini ya kwanza ni wachache sana.

Wachache sana. Unaficha mlango nyuma ya kabati, hauuwekei kibao, unachelewesha taa yake miaka minane, halafu unasema tuuzibe kwa sababu watu hawaupiti.

Hapo ndipo nilimkumbuka anti. "Tovuti haikai hapa." Yeye ndiye yule mtumiaji ambaye hayuko kwenye takwimu. Hakukataa, hakuwahi kuambiwa. Na kutoambiwa kwake, kukijumlishwa na kwa mamilioni wengine, kunageuka kuwa hoja kwenye meza ambayo hajaalikwa.

Ile kesi iliishaje? Kikundi cha wasanidi wa kujitolea kinachoitwa Open Web Advocacy kikaandika barua ya wazi kwa Tim Cook, na maelfu wakatia sahihi. Tume ya Ulaya ikaanza kuwauliza wasanidi maswali. Machi 1, 2024, Apple ikarudi nyuma: tovuti za skrini ya kwanza zitaendelea kufanya kazi Ulaya kama kawaida, kwa injini ya Safari. Ilichukua wiki mbili hivi tangu wathibitishe.

Najua ilikuwa Ulaya, na najua Kenya wengi tuko Android. Lakini fikiria mtu mwenye chama chake Lisbon au Warsaw, aliyeweka hesabu zake vile vile nilivyomwekea anti. Asubuhi moja simu ingejisasisha na kazi yake ingerudi kuwa alamisho. Hakuna wa kumpigia simu. Kilichomwokoa ni watu waliohesabika, waliosema kwa sauti: sisi tunaitumia, hii hapa, iacheni.

Lakini si kila kitu ni kizuri

Kuna hoja upande wa pili, na zina uzito. Duka hukagua apu, hata kama kwa kubahatisha. Tovuti haikaguliwi na mtu. Agosti 2024 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza jinsi walaghai walivyotumia PWA kuiga apu za benki, hasa kwa wateja wa Czech, na wengine Hungary na Georgia. Mtu anapokea ujumbe, anafungua kiungo, anaambiwa asakinishe apu mpya ya benki, aikoni inafanana kabisa, na anaandika siri zake mwenyewe. Kwa nchi kama yetu, ambapo ujumbe wa "umetumiwa pesa kimakosa" huja kabla ya chai, hiyo si hadithi ya mbali. Kanuni yangu ni moja: usiweke kwa skrini kitu kutoka kwa kiungo ulichotumiwa. Andika anwani wewe mwenyewe, ama iwekwe na mtu unayejua anakoishi.

Pia tovuti haiwezi kila kitu. Ukitaka mchezo mzito wa video au kitu kinachofanya kazi usiku kucha simu ikiwa mfukoni, apu kamili bado inashinda. Sisemi duka lifungwe. Mimi mwenyewe nina apu kumi na kitu kutoka huko.

Ninachosema ni kuhusu vitu vidogo. Hesabu za chama. Ratiba ya mazoezi ya kwaya. Orodha ya zamu za boda boda kwa stage. Bei ya mboga sokoni leo. Kuweka apu Play Store unalipa dola 25 mara moja; App Store ni dola 99 kila mwaka. Kwa kampuni hiyo ni chai. Kwa kijana aliyeacha chuo anayeandikia anti yake programu bure, ni kuta mbili. Tovuti inakataa hizo kuta zote. Unaandika, unaweka mtandaoni, mtu anaibandika, kazi imeisha. Ukirekebisha kosa usiku, asubuhi kila mtu ana toleo jipya, bila kumaliza bando ya mtu.

Hii njia ilifunguliwa Januari 2008 kama wazo la pembeni, ikaachwa, ikarekebishwa na watu waliokuwa wamechoka kuchekwa, na mwaka 2024 nusura ifungwe kwa Umoja wa Ulaya mzima kwa sababu ilionekana haina watu. Ulinzi wake pekee ni kuwa na watu. Kwa hivyo ukiwa na tovuti unayofungua kila siku, iwe ya habari, ya chuo, ama ya kuangalia matokeo ya mpira, jaribu leo: vidoti vitatu, ongeza kwenye skrini ya kwanza. Nyingine zitafunguka kama apu kamili. Nyingine zitafunguka kama njia ya mkato tu, na hapo utajua aliyeitengeneza bado ana kazi.

Mwezi uliopita nilipitia kwa anti siku ya mkutano wa chama. Nilimkuta amesimama nyuma ya mwenzake, mama wa makamo ambaye simu yake imepasuka kioo pembeni, akimwelekeza kwa kidole. "Hapo juu. Vidoti. Hapana, vitatu, si ile mishale. Sasa shuka." Yule mama akauliza kama itamaliza nafasi ya picha zake.

"Haimalizi," anti akasema. "Ni tovuti tu. Inakaa hapa."